Beseni la Kusuuzia

Baada ya chakula cha mchana, meza ikiwa imeshapanguswa, Dada aliweka mabeseni mawili juu ya benchi fupi nje ya mlango wa jikoni. La bluu lilikuwa la maji ya sabuni, jekundu la maji ya kusuuzia. Akamfunga Kibonge aproni iliyokatwa kwenye shati kuukuu la baba yake, akamkunjia mikono ya shati, akampandisha juu ya kigoda.

"Vijiko vyako hivyo," akamwambia. "Visu niachie mimi."

Kibonge alikuwa na miaka minne na mashavu yaliyompa jina. Alizamisha mikono mpaka viwikoni, akaanza kuvua vijiko chini ya povu, kimoja kimoja, na kila alichokipata alikitangaza.

Dada hakuwa dada wa mtu yeyote katika nyumba ile. Ndivyo wanavyoitwa wanawake wa kazi za ndani, na alikuwa ameshazoea kiasi kwamba akiitwa kwa jina lake alichelewa kugeuka. Alikuwa na imani moja ambayo hakuwahi kuulizwa na mtu: mtoto mdogo hapewi kazi ya uongo. Ukimpa sufuria tupu apige, atapiga, lakini macho yatakuwa kwako, anatazama wewe unafanya nini. Mpe njegere za kweli amenye. Nusu zitaingia mdomoni, nyingine zitakimbilia chini ya kabati, na zile chache zitakazofika bakulini atakuwa anawaonyesha watu mezani kwamba ni zake. Hayo Dada alijifunza kwa binti yake wa kumzaa, Chiriku, aliyekuwa rika moja na Kibonge. Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu hata usingizini hakunyamaza. Alikuwa analelewa na bibi yake, mbali, safari ya kulala njiani.

Siku ile palitokea tatizo dogo la kikazi. Kibonge alikuwa kwenye sabuni, Dada alikuwa kwenye kufuta, na kwenye beseni jekundu hapakuwa na mtu. Vijiko vilirundikana pale na povu lake. Dada akageuka kuchukua kitambaa kikavu, na alipogeuka tena, Chiriku alikuwa amesimama kwenye beseni la kusuuzia, juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasuuza.

"Mama, huyu hasugui nyuma," Chiriku alisema.

"Nasugua!" Kibonge alisema.

"Kione."

Kibonge akakigeuza kijiko, akakiona, akakirudisha kwenye sabuni.

Dada alimtazama binti yake kuanzia kisogoni mpaka miguuni. Gauni lilikuwa limekuwa fupi. Kwenye goti kulikuwa na kovu asilolijua, na lile kovu lilimuuma kabla furaha haijamfika. Kisha furaha ikamfika, ikawa nyingi. Akashika ukingo wa benchi kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaendelea kufuta vijiko, maana sasa vilikuwa vinakuja haraka.

Kijiko cha mwisho kilipofutwa, maji yakamwagwa kwenye maua, na juu ya ile ndoo hapakuwa na mtu.

Jioni Dada alimpigia mama yake simu.

"Chiriku amelala mchana?"

"Amelala hapa mkekani," Bibi alisema. "Kaamka vidole vimekunjamana kwa maji. Namuuliza ulikuwa wapi, anasema kazini." Bibi akakohoa kidogo. "Sasa mwanangu, ukimpeleka kazini, mrudishe amekauka. Kifua chake unakijua."

"Nitamfuta, Mama."

Kuanzia hapo Chiriku alikuja kila palipokuwa na kazi ya watu watatu na watu walikuwa wawili. Alikuja kwenye njegere. Alikuja kwenye kumwagilia maua, akashika upande wa pili wa ndoo. Alikuja kwenye kitambaa cha kupigia deki, ambacho watoto walikisokota huku na huku mpaka kikalia, na aliyemwagikiwa miguuni ndiye aliyeshinda. Sakafu ya ukumbini waliing'arisha kwa makalio: waliketi juu ya blanketi kuukuu, wameshikana viunoni, Dada akawaburuta toka mlangoni mpaka dirishani na kurudi, na vigae vikawaka hata ukaweza kuona kidevu chako. Mwanzoni Kibonge aligombania kigoda. Baadaye alikileta mwenyewe, akakipangusa, akakiweka mahali pa mwenzake kabla Dada hajafungua bomba.

Mara moja tu Dada alishindwa kujizuia. Aliacha kitambaa, akapita nyuma ya benchi, akamkumbatia mwanawe. Mikono yake ilikutana yenyewe kwa yenyewe, na hewani ikabaki harufu ya moshi wa kuni.

"Umemfukuza," Kibonge alisema.

"Nimemkumbatia tu."

"Usimkumbatie. Mpe kijiko."

Dada akampa kijiko, yaani akakichukua kimoja kilichokwisha kuoshwa, akakipaka sabuni, akakiweka kwenye beseni jekundu. Chiriku akarudi, akakisuuza kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu siku hiyo Dada alisimama karibu naye, akafanya kazi yake, na kila alipoinua sahani aliacha kiwiko chake kiguse kiwiko cha mtoto. Alijifunza kuridhika na kiwiko. Uongo, hakuridhika, lakini alijifunza kunyamaza.

Mama mwenye nyumba alikuwa mfamasia, mtu wa kusimama nyuma ya kaunta kutwa nzima akieleza watu dawa ipi kabla ya chakula na ipi baada. Siku moja alirudi mapema, akawakuta watatu benchini wana povu mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo," Chiriku alisema.

"Marahaba. Huyu ni nani?"

"Binti yangu, Mama," Dada alisema. "Anakuja kusuuza."

Mfamasia akamtazama mtoto, akatazama maji yaliyomwagika. "Viatu aviache nje."

"Hana viatu, Mama."

"Basi vizuri," alisema mfamasia, akaenda kujinyoosha.

Hakuwa mtu mbaya, lisemwe hilo mapema. Dada alipougua malaria alimletea dawa mwenyewe, akamsimamia mpaka akazimeza, akamkataza kuinama. Mumewe naye alikuwa mpima ardhi, mtu mpole mwenye vumbi la mbali kwenye soksi, na aliposimuliwa habari za Chiriku wakati wa chakula aliuliza jambo moja tu, kama mtoto anapita getini au juu ya ukuta.

"Hapiti popote, Baba," Dada alisema. "Anakuwepo tu."

"Kama havuki mpaka, hakuna shida," alisema mpima ardhi, akaomba chumvi.

Mwisho wa mwaka ukakaribia. Dada alikuwa na likizo yake moja, ile aliyoisubiri kama mfungaji anavyosubiri jua lizame. Mwaka uliotangulia iliahirishwa kwa sababu ya harusi ya mdogo wa mfamasia. Alinunua gauni la Chiriku kwa kukisia, akaongeza kidogo chini, akaenda kuaga.

Mfamasia alikuwa anapanga dawa za nyumbani kwenye kabati. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, likizo ya kwenda kumwona nani?"

"Mtoto, Mama."

"Si anakuja kila siku?"

Dada aliona ni swali la haki. Alisimama na mikono yake nyuma. Alitaka kusema kwamba mtoto anayekuja kusuuza si mtoto anayelala kifuani, kwamba kiwiko si mgongo, kwamba hajawahi kumwona akila wala akilia, kwani kulia si kazi. Maneno yalijipanga vizuri kichwani, lakini yalipofika kooni yakasongamana, likatoka moja tu.

"Anakuja, Mama."

"Mimi wa kwangu namwona usiku tu, ameshalala," mfamasia alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Wewe unaye mchana kutwa. Mshukuru Mungu."

Dada akashukuru. Gauni akalituma kwa mtu aliyekuwa anakwenda upande ule, na mchana mmoja Chiriku akaja nalo benchini, limemfika visiginoni, akalikunja kiunoni ili lisilowane.

Lakini mfamasia alikuwa amegusika. Kuanzia siku ile alianza kumtazama Dada kwa macho mapya, na alichokiona hakikumpendeza. Aliona mikono iliyochubuliwa na sabuni. Aliona kwamba vyombo vya watu watatu vinaoshwa alasiri nzima, kwamba nguo zinasuuzwa na kusuuzwa tena, kwamba sahani safi zinateremshwa kabatini zioshwe. Akahitimisha kwamba kazi imemzidi. Mumewe alikuwa amepata kazi kubwa ya kupima mashamba ya watu wa serikali, na nyumba ikawa na nafasi ya wema.

Gari likaja na makasha. Likashusha mashine ya kufulia na mashine ya kuoshea vyombo. Likashusha kidude cha duara kinachotambaa sakafuni chenyewe kikilamba vumbi, ambacho Kibonge alikiamkia shikamoo kila asubuhi mpaka akachoka kwa kutojibiwa. Bustanini pakawekwa bomba linalojiwasha. Njegere zikaanza kuja zimemenywa, kwenye mfuko, baridi kama jiwe la mtoni.

"Upumzike sasa," mfamasia alimwambia Dada, akamshika bega. "Na hawa watoto waache kulowana. Maji tutafungulia mashine tu."

Dada alisema asante, kwani angesema nini? Mwenye kupewa hachagui. Beseni la bluu alipewa mlinzi wa getini. Jekundu likabaki chini ya ngazi, kavu.

Mashine ilikuwa na mlango mmoja na kitufe kimoja, na mtu mmoja wa kukibonyeza. Hapakuwa na mahali pa wa pili, sembuse wa tatu. Dada na Kibonge waliketi mbele yake wakatazama vyombo vikirushiwa maji gizani. Walingoja. Ilipomaliza ilitoa mlio wa kupendeza, na Chiriku hakuja.

Kwa ajili ya Kibonge lilinunuliwa jiko la plastiki, lenye sinki, bomba, vijiko vya rangi, na taa nyekundu ya kuigiza moto. Lilikuwa zuri. Dada alipiga magoti mbele yake, ingawa imani yake ilimkataza, akampa Kibonge vijiko vya plastiki avioshe, na mahali pa kusuuzia akapaacha wazi.

Chiriku alikuja nusu. Alionekana mpaka kiunoni, akafungua lile bomba, akalifunga, akalifungua tena.

"Mama, hili halina maji."

"Tunaigiza tu, mwanangu. Suuza hivyo hivyo."

Chiriku akawatazama wote wawili kwa huruma, kama mtu mzima aliyealikwa chakula cha udongo. "Hii si kazi," alisema, na ile nusu nayo ikaondoka.

Dada alikaa mezani jikoni na mikono yake mapajani. Mikono ilianza kupona, ngozi ikalainika, na aliichukia kwa kulainika kwake. Kwa simu Bibi alisema mtoto halali tena mchana, anakaa mlangoni, anauliza kama amefukuzwa kazi. Dada akaenda tena kuomba likizo, na safari hii maneno hayakusongamana.

"Mama, mtoto haji tena. Naomba nikamwone."

"Maskini," mfamasia alisema, na alimaanisha. Akafikiri sana. "Lakini mwezi huu utanisamehe. Hizi mashine ni wewe tu unayezijua."

Soksi ndizo zilizofungua mlango tena. Mashine ile, pamoja na ujuzi wake wote, ilizitoa soksi zimetawanyika, kila moja na njia yake, na soksi katika nyumba ile zilikuwa nyingi. Mpima ardhi alivaa nene za kutembelea porini, mfamasia ndefu za kusimamia, na Kibonge zenye wanyama. Dada alizimimina kwenye beseni jekundu, akalibeba mpaka ukumbini, akaketi sakafuni. Kibonge akaketi upande wa pili. Akatoa yenye twiga.

"Huyu mwenzake yuko wapi?"

"Tafuta."

"Huyu hapa," alisema Chiriku, aliyekuwa ameshaketi upande wa tatu na mkono ndani ya beseni. Alikuwa amerefuka. Kovu la gotini lilikuwa limefifia na pembeni yake palikuwa na jipya. Aliokota soksi moja ya mfamasia isiyo na pacha, akaishika kwa vidole viwili. "Na huyu kafiwa," alisema, kwa sauti ya bibi yake kabisa.

Dada alicheka mpaka machozi yakapata kisingizio cha kutoka. Waliziunganisha, wakazikunja ziwe mipira, wakatupiana kwanza kabla ya kuzipanga. Kutupiana kulikubalika kuwa sehemu ya kazi. Zilipokwisha, Chiriku akaondoka, na asubuhi iliyofuata Dada alifungua droo zote za nyumba, akazifumua jozi zote, akazichanganya.

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa muda. Kibonge alishirikiana kadiri ya uwezo wake: alivaa soksi mkononi na mguuni, akazichafua kwa bidii, na aliporudi kutoka bustanini alikuwa na kazi ya kutosha kwa mashine na kwa watu. Mpima ardhi aligundua kwamba soksi zake hazipotei tena, akasema nyumba sasa ina utaratibu.

Mfamasia ndiye aliyemkuta Dada asubuhi moja, kakaa kitandani kwao, anafumua.

"Kumbe soksi zinakuhangaisha hivi," alisema taratibu. "Na wewe husemi."

Wahenga wanasema wema hauozi, na wa mfamasia ulifika Jumamosi hiyo hiyo ukiwa umefungwa vizuri kwenye mfuko. Soksi mpya za nyumba nzima, zote nyeusi, zote sawasawa, za kunyumbuka, zinazomtosha mpima ardhi na zinazomtosha yeye, na Kibonge akizivuta zinamfika mapajani. Za zamani zikatolewa sadaka, twiga na wenzake wote.

"Sasa huna haja ya kutafuta," alisema mfamasia akifurahi. "Shika zozote mbili, umemaliza."

Siku soksi hizo zilipofuliwa mara ya kwanza, Dada alizimimina kwenye beseni jekundu, akaketi. Zilikuwa lundo moja jeusi. Mkono wake ulichukua moja, ukachukua nyingine, zikafanana, na hakuziunganisha, kwa sababu alikuwa ameshaona mwisho wa jambo lile. Kupumua kungechukua muda mrefu kuliko kuziunganisha zote.

Kibonge alichukua moja. Akaitazama juu, akaitazama chini, akaiweka kando ya nyingine.

"Siye," alisema.

"Zote ni sawa, Kibonge."

"Huyu siye mwenzake." Akairudisha, akachukua nyingine. "Na huyu siye."

"Nipe nimwone," alisema Chiriku.

Alikuwa upande wake wa tatu, na gauni sasa limemfika magotini. Akaichukua ile soksi, akainusa, akaiweka sikioni akaisikiliza, akaivaa mkononi akakunja vidole. "Siye," aliamua. "Huyu mpole. Mwenzake lazima awe mpole."

Wakatafuta mpole. Walimpata mkali, wakampata mvivu, wakampata mmoja anayesinzia ambaye ilibidi wamngoje aamke. Kila soksi ilijaribiwa na kila mwenzake, ikakataliwa kwa sababu zilizojadiliwa kwa kirefu, na mara mbili Kibonge alikubali halafu akabadili mawazo usiku wa kuamkia harusi, kama alivyosema mwenyewe. Kidude cha duara kilipita kikilamba sakafu, kikawazunguka. Jua liliingia dirishani likapanda ukutani. Dada naye akachukua soksi, akaitazama vizuri, akaona kweli, siye. Kiwiko chake kilikuwa kimegusana na kiwiko cha mwanawe na hakuna aliyekiondoa.

Gari la mfamasia likaingia getini.

"Bado tu soksi?" aliuliza kutoka mlangoni, mkoba bado begani.

"Bado, Mama. Zinafanana mno."

"Ndiyo maana nilizinunua." Akainama kwa wema, akaokota zozote mbili, akazifunga fundo. "Ona. Na nyingine. Ona." Chap chap lundo likaisha, na upande wa tatu wa beseni pakawa patupu. Chini ikabaki soksi moja. Mfamasia aligeuza beseni, akachungulia chini ya kochi. "Mpya hizi, na moja imeshapotea?"

"Tutaitafuta kesho," alisema Kibonge.

"Tupa hii, kununua nyingine si shida."

"Tutaitafuta kesho, Mama," alisema Dada, akaitia mfukoni.

Jioni alipiga simu.

"Kaamka na soksi mkononi," Bibi alisema. "Nyeusi, ya mtu mzima. Nimetaka kuiweka, hataki, anasema kesho anatakiwa nayo kazini." Akakohoa. "Mwanangu, huku unakuja lini?"

"Mwisho wa mwaka, Mama."

"Mwaka upi?"

Dada aliitoa soksi mfukoni, akainyoosha gotini, akaikunja, akaiweka chini ya mto wake.

"Mwambie asiipoteze," alisema.